Kanisa la mawe linabanduka: tulipige saruji au tulibomoe?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya parokia yetu ya Kianglikana, katika mji mdogo kusini mwa Tanzania. Kanisa letu ni la mawe, lilijengwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, enzi za Mjerumani. Lipu inabanduka, kuta zinatoa unga mweupe na kwenye pembe moja pana ufa. Mkandarasi ameshauri tubandue lipu yote, tupige saruji nje na ndani, kisha tumwage zege na kuweka marumaru sakafuni. Wazee kadhaa wanaona bora libomolewe tujenge kubwa la kisasa, kwa kuwa waumini hawaenei. Ng'ambo ya barabara kuna boma la zamani lililokuwa mahakama ya mwanzo. Limefungwa na paa limetoboka. Je, majengo haya yanastahili kuhangaikiwa, na tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu Katibu, nianze na lile la haraka kwa kuwa mkandarasi anasubiri jibu: msisaini mkataba wa saruji. Hata mkiamua mwishoni kujenga kanisa jipya, hili la zamani msilivishe saruji. Kwa maelezo yako, jengo lenu lina maradhi ya maji, na saruji itayafungia maji hayo ndani ya ukuta.

Ukuta wa kanisa la namna hiyo haufanani na wa tofali za bloku tunazojengea leo. Mara nyingi una unene wa nusu mita au zaidi: uso wa mawe nje, uso mwingine wa mawe ndani, na katikati pamejazwa vipande vya mawe, udongo na chokaa. Msingi wake hauna karatasi ya kuzuia unyevu. Mafundi wa wakati ule walijua maji yatapanda kutoka ardhini na mvua itapiga ukuta, kwa hiyo wakaunganisha na kupiga lipu kwa vitu laini vinavyopitisha unyevu. Ukuta unalowa wakati wa mvua, kiangazi kikija unakauka. Umeishi hivyo zaidi ya miaka mia moja.

Lipu ya saruji ni ngumu kuliko udongo na chokaa iliyo nyuma yake, na hairuhusu unyevu kutoka kwa urahisi. Unyevu ukikosa njia unapanda juu zaidi, unabeba chumvi za ardhini, unazilaza nyuma ya lipu. Huo unga mweupe mnaoufagia ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka. Ikikaukia juu ya lipu ya chokaa, mnafagia yanaisha. Ikikaukia nyuma ya saruji, inavimba ndani ya matundu ya jiwe na kulisaga taratibu, nanyi hamwoni kitu mpaka bamba zima la lipu lianguke na nusu ya jiwe.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe leo jioni. Bila shaka kuna sehemu ya kanisa iliyowahi kuzibwa kwa saruji, pengine mkanda wa chini nje, usawa wa kiuno. Gonga hapo kwa kifundo cha kidole, ukitoka chini kwenda juu. Palipo na lipu nzima ya chokaa sauti ni nzito na fupi. Kwenye saruji iliyoachana na ukuta utasikia utupu. Kisha tazama juu kidogo ya ukingo wa mkanda huo: utakuta mstari wa unyevu na rangi iliyovimba, juu kuliko ulivyokuwa kabla mkanda haujawekwa. Waite wajumbe wa kamati wagonge kwa mikono yao. Hilo litawashawishi kuliko barua yangu.

Sasa tuanzie wapi? Juu. Paa kwanza, halafu mifereji, halafu ardhi inayozunguka jengo, na lipu ije mwisho kabisa. Makanisa mengi ya misheni yaliezekwa nyasi au vigae, na paa lilitokeza mbali nje ya ukuta ili maji yadondoke mbali. Bati lilipokuja, mara nyingi paa lilikatwa fupi, na maji yakaanza kuteremka ukutani au kudondoka miguuni pake. Pandisheni fundi mwaminifu akague kenchi moja baada ya nyingine, hasa ncha zinazolala juu ya ukuta, maana huko ndiko mchwa na uozo huanzia. Misumari ya bati iliyolegea, bati la kofia lililopasuka, mahali mnara unapokutana na paa: hapo ndipo maji huingilia na kushuka hadi moyoni mwa ukuta. Yakishaingia yanaosha ule ujazo wa katikati, nyuso mbili za mawe zinaachana, na ukuta unatoa tumbo. Ukuta uliotoa tumbo hauponi kwa lipu ya aina yoyote.

Boma la zamani la Bagamoyo, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, lilipata pigo kubwa katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, sehemu yake ikaporomoka. Jengo la matumbawe na chokaa lililostahimili karne nzima ya upepo wa bahari liliangushwa na maji ya msimu mmoja. Ndiyo maana nasisitiza paa. Kwenu kusini mvua zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kama mfuko wa ujenzi unatosha kazi moja tu mwaka huu, iwe paa, na iishe kabla ya Novemba.

Mkishamaliza juu, shukeni chini. Kwenye makanisa ya zamani ardhi ya nje huwa imepanda, kwa sababu ya miaka mingi ya kufagia, kujaza udongo na kulima bustani za maua ukutani. Sakafu iliyokuwa juu ya ardhi leo iko sawa nayo au chini yake. Ondoeni udongo huo mpaka mfikie usawa wa zamani, hamisheni maua, chimbeni mtaro wenye mteremko unaopeleka maji mbali. Kazi hii haihitaji mkandarasi. Vijana wa kanisa wenye majembe wataimaliza, ila wawe waangalifu wasichimbe chini ya msingi wenyewe.

Kuhusu zege na marumaru: unyevu unaopumua leo kupitia sakafu nzima utazuiwa na zege, ukatafute njia pembeni, na pembeni ni kwenye kuta zenu. Kama sakafu ya sasa imechakaa, itengenezeni kwa chokaa na kokoto, au kwa matofali ya kuchoma yaliyolazwa juu ya mchanga. Najua marumaru yanapendwa, yanang'aa na ni rahisi kupiga deki. Yawekeni kwenye ofisi ya parokia.

Ufa wa pembeni usizibwe kabla hamjajua kama unatembea. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kikivuka ufa kwa udongo wa jipsamu kidogo kila upande, andika tarehe ukutani kwa penseli. Kioo kikibaki kizima baada ya msimu wa mvua na kiangazi, ufa umetulia na utajazwa kwa mawe madogo na chokaa. Kikipasuka, pembe hiyo inazama. Angalieni kwanza kama maji ya paa yanamwagika hapo au kama kuna mti mkubwa karibu, kisha mwiteni mhandisi. Akija mtu akashauri mkate ukuta mwingize nguzo za zege na nondo, au mmwage lenta nzito juu ya kuta laini, mwombeni akaonyeshe jengo la mawe la umri huo alilolifanyia hivyo na bado limesimama.

Halafu ndipo ifike zamu ya chokaa. Lipu iliyoshika iacheni. Bandueni ile iliyoachana na ukuta, pamoja na viraka vya saruji, taratibu, kwa nyundo ndogo na tindo, bila kulazimisha palipogoma, kwa sababu ukivunja uso wa jiwe umelifungulia maji mlango mpya.

Chokaa ya pwani hutengenezwa kwa kuchoma vipande vya matumbawe juu ya magogo mengi yaliyopangwa mviringo. Joto likifika karibu nyuzi 900 jiwe hugeuka chokaa mbichi, ambayo ikimwagiwa maji huchemka na kuvunjika kuwa unga au uji mzito. Uji huo ukikaa ndani ya maji wiki nyingi, bora miezi mitatu, unalainika na kushika vizuri. Leo matumbawe hai hayapaswi kuguswa, na miti ya kuchomea ni hasara kwa nchi, kwa hiyo nashauri chokaa ya mifuko inayouzwa madukani, mradi iwe mpya. Mfuko uliokaa wazi muda mrefu umeshavuta hewa na hautashika tena. Ilowekeni kwenye mapipa tangu sasa, wakati mnatengeneza paa. Mafundi wavae glovu na miwani, na watoto wasikaribie, maana chokaa ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Changanyeni sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga wa mto wenye chembe kali, uliooshwa. Msitumie mchanga wa bahari, kwani mtakuwa mnaongeza chumvi ileile mnayopigana nayo. Lowesheni ukuta kabla. Pigeni tabaka jembamba, chini ya sentimeta moja, lisubiri likaze ndipo lije la pili, halafu la mwisho. Chokaa haikazi kama saruji. Inakaza kwa kuvuta hewa ukaa polepole huku ikiwa na unyevu kidogo, kwa hiyo fanyeni kazi upande wenye kivuli, tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na mnyunyizie maji kwa siku kadhaa. Fundi aliyezoea saruji atalalamika kwamba kazi inachelewa, na kweli inachelewa. Juu yake mpake chokaa nyepesi nyeupe tabaka nyingi, ile ambayo watu wa mwambao wamepakia nyumba na misikiti yao karne kwa karne. Rangi ya mafuta na rangi za plastiki zisiguse kuta hizo.

Fundi wa chokaa bado wapo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mafundi wa kazi hii. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati iliyoshirikisha wenyeji. Tafuteni mmoja kutoka Kilwa, Mikindani au Bagamoyo, aje afundishe mafundi wenu wawili watatu, na mkataba useme wazi kwamba anafundisha.

Umeuliza kama majengo haya yana thamani. Kwa eneo lenu naona swali hilo lina jibu zito. Masasi ilianzishwa mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere kama makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Wale waliojenga nyumba na makanisa ya mwanzo walikuwa watu waliopitia minyororo. Kisha vikaja Vita vya Maji Maji: mwaka 1905 misheni za Lukuledi, Nyangao, Masasi na Peramiho zilichomwa moto. Kwa hiyo makanisa ya enzi ya Mjerumani yaliyosimama leo kusini kwa sehemu kubwa yamejengwa baada ya vita hivyo, katika miaka ambayo watu walikuwa wanatoka kwenye njaa mbaya iliyoifuata. Kama la kwenu ni la miaka hiyo, kila jiwe lilisombwa na mtu aliyenusurika. Mara nyingi tunasimulia habari za kanisa kwa kutaja padre aliyesimamia ujenzi. Kaeni na bibi na babu wa parokia mwaulize nani alisomba mawe, nani alichoma chokaa, mbao zilitoka msitu gani. Andikeni majina. Hayo hayamo kwenye kumbukumbu za Ulaya.

Yaliyomo huko nayo ni ya thamani. Nyaraka za UMCA ziko Oxford, kwenye maktaba za Bodleian, na humo kuna barua na picha. Ingekuwa kanisa la Wabenediktini ningewaelekeza Sankt Ottilien, Bavaria. La Wamoraviani, Herrnhut. La misheni ya Leipzig, Halle. Waandikieni barua fupi yenye jina la zamani la kituo na picha za sasa, muulize kama wana picha ya ujenzi au mchoro. Picha moja ya kale inaweza kuonyesha paa lilitokeza kiasi gani na madirisha yalikuwaje, na hapo kazi ya fundi inapata mwongozo. Wakati huohuo pigeni picha vitabu vyenu vya ubatizo na ndoa, ukurasa kwa ukurasa, kisha viwekeni ndani ya sanduku la bati mbali na ukuta wenye unyevu.

Wazee wanaosema kanisa ni dogo wana hoja, na msiwapuuze. Waumini kukaa nje juani kila Jumapili si jambo la kudumu. Lakini kujenga kubwa hakulazimishi kubomoa dogo. Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kanisa lao la kwanza mwaka 1872. Mwaka 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka bara, ulilazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kanisa lilipowabana walijenga jingine kubwa kati ya 1910 na 1914, wakaubakiza mnara wa lile la kwanza. Leo wageni wanaokwenda Bagamoyo wanauliza habari za mnara huo. Kama mna kiwanja, jengeni kubwa pembeni, mbali kiasi kwamba maji ya paa jipya hayamwagikii la zamani, na hili libaki kwa misa za siku za juma, kwaya, mafundisho ya kipaimara na kumbukumbu. Jengo linalofunguliwa kila siku hutunzwa, maana kuna mtu wa kuona bati likivuja.

Kwa upande wa sheria, msidhani umri peke yake unalilinda kanisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La kwenu ni changa kwa kipimo hicho, kama yalivyo maboma yote ya Wajerumani nchini. Jengo la baadaye hulindwa waziri akilitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Naona mwaka huo ni wa zamani mno kwa majengo ya bara, na sheria ingefaa itazamwe upya. Kwa sasa kabla ya kugusa chochote muulizeni Afisa Utamaduni wa wilaya kama kanisa na boma vimewahi kutangazwa. Kama vimetangazwa, lazima kibali cha Idara ya Mambo ya Kale kitangulie. Kama bado, mnaweza kuomba vitangazwe, na dayosisi ihusishwe mapema, maana yenyewe ndiyo mwenye mali.

Boma ni kazi ngumu zaidi kwa kuwa si lenu, na kumbukumbu zake zinauma. Kwenye maboma watu walichapwa viboko na kufungwa kwa kukosa kodi ya kichwa, na baada ya Maji Maji kusini palikuwa na kunyongwa kwingi. Wapo wanaosema liache lianguke. Mimi nasema libaki, na habari hizo ziandikwe ukutani wazi, kwa Kiswahili, mahali mwanafunzi wa shule ya msingi atazisoma. Likianguka, wajukuu watabaki na kifusi kisichoeleza kitu.

Linaweza pia kufanya kazi. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilikuwa gofu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Trade Aid lilianza kulifufua, likawa hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi. Boma la Iringa lilikarabatiwa katika mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa, likafunguliwa mwaka 2016 kama makumbusho ya mkoa. Mji mdogo hauhitaji hoteli. Maktaba ya kata, ofisi ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, au chumba kimoja cha historia chenye picha na majina vingetosha kulirudishia boma lenu watu.

Mwandikieni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Utamaduni na Mambo ya Kale. Msiombe ukarabati wote, mtajibiwa hakuna bajeti. Ombeni mambo matatu tu: ruhusa ya kuingia na kupima, bati za kuziba paa kabla ya Novemba, na kauli ya maandishi kwamba halitabomolewa wala kupewa mtu bila wananchi kuitishwa. Ambatisheni picha za paa na vipimo vya urefu na upana. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha ubunifu majengo. Andikeni huko pia, mwulize kama wanafunzi wanaweza kuja kuchora majengo yote mawili kama sehemu ya mafunzo yao, nanyi muwape malazi na chakula.

Mkandarasi wenu msimfukuze. Mpeni kazi ya paa kwa mkataba wake peke yake. Halafu mwambieni apige lipu ya chokaa kipande cha mita mbili kwa mbili kwenye ukuta unaopigwa zaidi na mvua, kwa namna niliyoeleza hapo juu, kikae msimu mzima wa mvua. Mwezi Mei kamati ikagonge tena kwa vifundo vya vidole, ndipo mjadili malipo ya ukuta uliobaki.